Tekken 8 kwa wachezaji wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tekken 8, gemu ya mapigano ya mmoja kwa mmoja, ilitoka 26 Januari 2024, lakini kwa wengi waliokulia kwenye Tekken 3 na Tekken 5 vibandani, Mwanjelwa hadi Kihesa, ndiyo kwanza wanaishika. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila wiki. Kama umeshacheza Tekken 7, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya Heat, ile hali mpya ya kushambulia.

## Kabla hujatoa hela

Inacheza kwenye PS4?

Hapana. Ipo kwenye PS5, Xbox Series X, Xbox Series S na kompyuta kupitia Steam (duka la gemu la mtandaoni), basi. Mtu akikuuzia diski ya "Tekken 8 ya PS4", ujue unauziwa kitu kingine. Kwenye PS4 gemu ya mwisho ya mfululizo huu ni Tekken 7, na bado ni nzuri sana kujifunzia misingi.

Na hii ya simu ninayoiona kila mahali?

Hakuna Tekken 8 ya simu. Zile zinazopitishwa kwenye magrupu kwa jina la "Tekken 8 PPSSPP" (PPSSPP ni programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu) kwa kawaida ni Tekken 6 ya PSP iliyobadilishwa picha na majina. Mapigo ni ya Tekken 6, Heat haimo, na kombo (mapigo yanayofuatana bila mpinzani kuponyoka) utakazozishika humo hazitakusaidia. Ukiambiwa kwanza ujaze fomu au upakue programu nyingine ili "kufungua" faili, achana nayo; hapo simu yako ndiyo inayowindwa.

Kompyuta yangu itaiweza?

Kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji ni prosesa ya Intel Core i5-6600K au AMD Ryzen 5 1600, RAM ya GB 8, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, na nafasi ya GB 100. Wanachopendekeza ni Core i7-7700K au Ryzen 5 2600, RAM ya GB 16 na RTX 2070.

Laptop nyingi za ofisini zinazouzwa mitumba hazina kadi ya picha ya kujitegemea. Hata iwe i7, bila kadi hiyo haitafika. Na hapa tofauti na gemu za mpira ni kubwa: Tekken imejengwa juu ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, na kompyuta ikishindwa kuzifikisha, pambano zima linapungua kasi kama watu wanapigana ndani ya maji. Mkono wako utazoea muda usio sahihi, halafu siku ukikaa kwenye PS5 kila kitu kitakukimbia. Punguza ubora wa picha kadiri unavyoweza hadi fremu 60 zikae bila kuyumba. Uzuri wa jukwaa uje baadaye.

GB 100 nitazipakuaje kwa bando?

Piga hesabu kwanza. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, GB 100 huchukua takribani saa 22. Kwa bando la simu utatumia pesa nyingi, na masasisho bado yanakusubiri.

Kwa kompyuta kuna njia halali inayookoa sana. Kama rafiki ana Tekken 8 ya Steam na wewe umenunua ya kwako, unganisheni kompyuta zote mbili kwenye ruta moja. Steam ina uwezo wa kuhamisha mafaili ya gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kuyapakua upya. Au nakilini folda ya gemu kwa diski ya nje, iweke mahali pake ndani ya folda ya Steam, kisha bonyeza kusakinisha. Steam itayakagua mafaili yaliyopo na kupakua yanayopungua tu. Kila mmoja lazima awe na nakala yake aliyoinunua.

Kwa PS5, diski hupunguza mzigo wa upakuaji, lakini masasisho hayaepukiki ukitaka kucheza mtandaoni. Hakikisha PS5 yako ina mlango wa diski: toleo la Digital halina, wala PS5 Pro haiji nao.

Bei yake ikoje, na nalipaje nikiwa Tanzania?

Ilipotoka iliuzwa dola 69.99 za Marekani, na kwenye Steam hushuka mara kwa mara wakati wa mauzo ya msimu. Wengi huku hulipia kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia huduma za pesa za simu. Weka salio lenye ziada kidogo, maana muamala wa dola hubadilishwa kwa kiwango cha mtoa kadi, na ukipungukiwa hata kidogo unakataliwa.

Kwa PlayStation angalia jambo moja kabla ya kununua kadi ya zawadi: lazima iwe ya nchi ileile ambayo akaunti yako ilifunguliwa nayo. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye, na hapo ndipo watu hupoteza hela.

## Siku za mwanzo

Hizi namba 1, 2, 3, 4 watu wanazoandika ni nini?

Ni viungo vinne vya mwili. 1 ni mkono wa kushoto (mraba), 2 mkono wa kulia (pembetatu), 3 mguu wa kushoto (X), 4 mguu wa kulia (duara). 1+2 maana yake bonyeza vyote viwili kwa pamoja. Ukizoea kufikiri kwa viungo, orodha ya mapigo inasomeka haraka, kwa sababu ni hivihivi tangu Tekken za zamani.

Eddy yuko wapi?

Hili ni swali namba moja vibandani, na tunalielewa. Tekken 8 ilianza na wahusika 32, na Eddy Gordo hakuwamo. Aliongezwa Aprili 2024 akiwa wa kwanza kati ya wahusika wa kununua, akafuatiwa na Lidia, Heihachi na Clive mwaka huohuo. Mwaka 2025 wakaja Anna, Fahkumram na Armor King. Wapya kabisa waliokuwamo tangu siku ya kwanza ni Azucena, Victor na Reina.

Na Eddy wa sasa si yule wa kubonyeza 3 na 4 hovyo mpaka mwenzako anune. Bado atamsumbua asiyemjua, ila mtu akishajifunza kuzuia mateke yake ya chini, mwenye kubonyeza hovyo hana pa kwenda.

Nianze na nani?

Paul, Law, Jin, Lars, Asuka. Mapigo yao muhimu yanatoka kwa amri fupi na yanafundisha mambo utakayoyahitaji kwa mhusika yeyote. King ni mtamu kwa anayependa kukaba. Kazuya tunashauri umwache kwanza: nguvu yake kubwa iko kwenye ngumi ya umeme (mbele, achia, chini, chini-mbele pamoja na 2), ambayo inadai 2 ibonyezwe kwenye fremu ileile moja na chini-mbele. Fremu moja ni sehemu ya 60 ya sekunde. Kazuya bila ngumi hiyo ni jembe bila mpini.

Chagua mmoja na ukae naye mwezi mzima. Anayebadilisha mhusika kila anapofungwa hubaki palepale.

Special Style ni udanganyifu?

Si udanganyifu. Ukibonyeza L1, vitufe vinne vinageuka kuwa njia za mkato: kimoja kinatoa kombo, kingine pigo la chini, na kadhalika, na unaweza kuwasha na kuzima katikati ya pambano. Kwa mgeni ni mlango mzuri. Kasoro yake ni kwamba inakupa mapigo machache, na mpinzani anayekujua atayasoma yote ndani ya raundi mbili.

## Heat na Rage

Heat ni nini hasa?

Ndicho kitu kipya kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachowachanganya waliotoka Tekken za zamani. Kila raundi, kila mchezaji anaweza kuingia kwenye Heat mara moja. Hudumu kama sekunde 10. Ukiwa ndani yake, mpinzani anayezuia mapigo yako mazito anapungua uhai vilevile, na mhusika wako hupata nyongeza zake maalumu.

Unaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni 2+3 (R1 kwa mpangilio wa kawaida), pigo linalovumilia kupigwa. Kosa la wengi ni kujaribu kuliadhibu baada ya kulizuia, na haliadhibiki. Njia ya pili ni kumpata mpinzani kwa mojawapo ya mapigo ya mhusika wako yenye uwezo wa kuwasha Heat, ambayo yamewekewa alama kwenye orodha ya mapigo. Hii ya pili ni bora, kwa sababu inakupeleka mbele ya uso wake ukiwa na zamu ya kushambulia.

Kutoka, pia njia mbili: 2+3 tena kwa pigo zito la Heat Smash, au kubonyeza mbele baada ya pigo la kuwasha ili kukimbilia, yaani Heat Dash.

Nikizuia Heat Dash halafu nikarusha jab (ngumi fupi ya haraka), mbona napigwa mimi kila mara?

Kwa sababu si zamu yako. Heat Dash ikizuiwa humwacha mshambuliaji akiwa mbele kwa fremu 5, yaani anaweza kutenda tena fremu 5 kabla yako. Jab yako, yaani 1, hufika kwa fremu 10. Pigo lake la fremu 14 kwa hesabu hiyo linafika kama la fremu 9. Linakutangulia, na kwa kuwa ulikuwa unashambulia, unapigwa ukiwa wazi.

Cha kufanya: endelea kushika nyuma, ndiko kuzuia. Jiandae kuinama ukimwona anakuja kukaba, na usibonyeze chochote mpaka pigo lake la pili limalizike. Hii inauma kwa mtu aliyezoea kujibu papo hapo, lakini raundi nyingi tunazoziona zikipotea, zinapotelea hapa.

Ile sehemu nyeupe kwenye mstari wa uhai ni nini?

Ni uhai unaoweza kurudi. Baadhi ya uharibifu hauondoki moja kwa moja. Ukimshambulia mpinzani unarudisha sehemu yake, hata akizuia. Gemu inakulipa kwa kwenda mbele. Ukijikunyata kwenye ukuta ukisubiri dakika iishe, kama wengi walivyofanya kwenye Tekken 5, unaacha uhai wako mezani.

Rage Art inazuilikaje?

Mtu akibaki na takribani robo ya uhai, anapata Rage. Anaweza kutoa Rage Art, pigo lake kubwa, mara moja kwa chini-mbele na 1+2. Inavumilia kupigwa, hivyo ukiwa unashambulia bila kufikiri itakupita katikati. Dawa ni kusimama na kuzuia pale unapoona mtu ana Rage na amebanwa. Ukiizuia, amebaki nyuma kwa fremu 15, maana yake pigo lako la kurusha juu la fremu 15 linampata kwa uhakika. Hiyo ni kombo nzima ya bure.

## Kujilinda

Nawezaje kumfunga mtu anayebonyeza hovyo?

Usishindane naye kwa kubonyeza. Zuia, kisha adhibu. Mapigo mengi yakizuiwa humwacha mpigaji nyuma kwa idadi fulani ya fremu, na karibu wahusika wote wana jab ya fremu 10. Kwa hiyo pigo lolote linalomwacha nyuma kwa 10 au zaidi lina adhabu, na kwa 15 au zaidi adhabu yake mara nyingi ni kumrusha juu.

Chukua mfano wa Bryan na teke lake la kufagia, chini-mbele na 3. Ni la polepole kiasi kwamba unaliona: anageuza kiwiliwili, anashuka, mguu unazunguka. Ukiuona mwili unashuka, shika chini-nyuma. Ukilizuia, Bryan anabaki ametanua miguu huku amekupa ubavu, na una muda wa kutosha kupiga pigo lako la kuinukia linalorusha. Wengi wanalizuia vizuri kabisa, halafu wanapiga teke dogo la chini kwa pupa na kupata uharibifu kiduchu. Kuzuia wamejua, adhabu ndiyo hawakuifanyia mazoezi.

Fungua chumba cha mazoezi, tafuta sehemu ya mazoezi ya adhabu, chagua mhusika anayekusumbua. Gemu itakurushia mapigo yake na kukuonyesha pigo la kumjibu. Dakika 20 hapo zina thamani kuliko mapambano 30 ya hasira.

Kukabwa nakataje?

Tazama mikono. Kukaba kwa kawaida kunakatwa kwa 1 au 2. Ukiona mikono yote miwili imenyooshwa mbele kwa pamoja, kata kwa 1+2. Anayekaba sana kwa mikono hiyo ni King, na naye anazo kaba zinazofuatana zenye ukataji wake. Hizo zifanyie mazoezi moja moja. Kinga rahisi kuliko zote ni kuinama, kwa kuwa kukaba kwingi hupita juu ya aliyeinama.

Gemu inanionyesha nilipokosea?

Ndiyo, na hiki tunakipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye Tekken 8. Marudio ya mapambano yako yana ushauri: yanasimama pale ulipokosa kuadhibu na kukuonyesha pigo lililofaa. Zaidi ya hapo unaweza kuingia ndani ya marudio, ukashika padi na kulicheza tena tukio lilelile. Kwa anayeishi Tukuyu au Makete ambako hana mwenzake wa kiwango chake, huyo ndiye mwalimu. Kuna pia mzuka, nakala ya kompyuta inayojifunza uchezaji wako. Pambana na mzuka wako mwenyewe utaona tabia zako mbaya.

## Mtandaoni

Nikiwa Mbeya nitapata mapambano yasiyokwama?

Inategemea mambo mawili: mpinzani yuko wapi, na intaneti yako imetulia kiasi gani. Tekken 8 inatumia rolbaki, yaani gemu inakisia mpinzani atakachobonyeza kisha kujirekebisha taarifa halisi ikifika. Inasaidia sana, ila haiondoi umbali. Fremu moja ni milisekunde 16.7. Pingi ya milisekunde 50 ni kama fremu 3 kwa kwenda na kurudi. Hiyo inachezeka vizuri. Ikipita 150, mpinzani ataanza kurukaruka kwenye skrini na teke la Bryan tulilolieleza hapo juu hutaliona tena.

Kinachoharibu zaidi si pingi kubwa, ni pingi inayopanda na kushuka. Hotspoti ya simu inaweza kusoma 60 sasa hivi na 300 sekunde inayofuata, hasa jioni mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kabla hujakubali pambano, angalia alama ya mpinzani: gemu inaonyesha ubora wa muunganisho na kama anatumia waya au Wi-Fi. Kataa wenye mistari michache bila kuona aibu.

Waya unasaidia kweli?

Kama una ruta ya nyumbani, ndiyo, na ndio ununuzi wa bei ndogo wenye faida kubwa kuliko wote. Kebo ya mtandao ya mita 10 kutoka kwenye ruta hadi kwenye PS5 inaondoa mikatiko ya Wi-Fi inayosababishwa na kuta na vifaa vya jirani. Kama ruta yenyewe inavuta intaneti ya laini ya simu, waya utatuliza upande wa ndani tu. Mnara wa simu bado utakuyumbisha. Hapo sogeza ruta dirishani upande wenye mnara. Mbeya ina vilima, na nyumba iliyo bondeni hupokea vibaya hata mnara ukiwa karibu.

Nahitaji PlayStation Plus?

Kucheza na watu mtandaoni kwenye PS5, ndiyo. Kucheza wawili kwenye PS5 moja, hapana. Kwenye Steam hakuna malipo ya ziada. Wa PS5, Xbox na kompyuta wanakutana wote.

Umeme ukikatika katikati ya pambano la kupanda ngazi?

Unahesabiwa kama uliyekimbia, na kiwango chako cha kukatika huonekana kwa wapinzani. Ukikatikiwa mara nyingi watu watakukataa. Tazama swali la UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) hapa chini.

## Kibandani na nyumbani

UPS ya ukubwa gani?

PS5 ikiwa kwenye gemu hula takribani wati 200, na TV ya inchi 32 kama wati 50. Jumla 250. UPS ya VA 650, ambayo kwa nyingi ni kama wati 360 hadi 390, inabeba mzigo huo kwa dakika chache: inatosha kumaliza pambano na kuzima vizuri. Haitoshi kuendelea na biashara gizani. Ruta nayo ichomekwe humohumo, la sivyo PS5 itabaki inawaka na mtandao umekufa.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi za huku si za mchezo. Ikianza kuunguruma chomoa umeme na pia kebo ya mtandao. Watu huchomoa plagi wakaisahau kebo, na radi huingilia humo.

Napata kombo nyumbani, kibandani zinakataa. Kwa nini?

Anza na TV. Nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo huharibu muda. Tafuta kwenye mipangilio hali ya gemu na uiwashe. Mara nyingi TV ileile inageuka kuwa nyingine.

Kisha padi. Kibanda chenye PS5 nne mahali pamoja kina padi nane za Bluetooth zinazogombea hewa. Kwenye mipangilio ya vifaa vya PS5 chagua padi iwasiliane kwa kebo ya USB, na utumie kebo inayopitisha data, si ile ya kuchajia tu.

Ya tatu ni baridi. Juni na Julai usiku wa Mbeya, Njombe na Makete vidole vinakufa ganzi, na amri kama ile ya ngumi ya umeme haitoki hata kwa bingwa. Shika kikombe cha chai ya moto dakika mbili kabla ya zamu yako, na ucheze mapambano mawili ya kupasha mikono kabla ya kuweka dau la soda.

Mhusika anatembea mwenyewe. Gemu imeharibika?

Kijiti cha kushoto cha padi kimelegea. Hata kama unatumia vitufe vya mshale, kijiti bado kinasoma. Jaribu padi nyingine. Tatizo likihama, fundi abadilishe kijiti. Padi ya PS4 haitakuokoa, haichezi gemu za PS5.

Nimesikia sasisho la mwaka 2025 liliiharibu. Nisubiri?

Sasisho la msimu wa pili, Aprili 2025, liliongeza nguvu za kushambulia na wachezaji wengi duniani walilalamika kwamba kujilinda kumekosa maana. Watengenezaji walitoa marekebisho baadaye kupunguza makali hayo. Kwa anayeanza sasa, usisubiri. Kuzuia, kuadhibu na kukata kaba hakujabadilika, na kwa kiwango cha mapambano ya vibandani Soweto au Mlandege hayo matatu peke yake yanakupa ushindi mwingi. Ila kombo ulizojifunza kwenye video ya mwaka 2024 zihakiki kwanza kwenye chumba cha mazoezi. Nyingine hazifiki tena.